Dakika Tatu

Risala niliichapa mimi, karani wa kata,
kurasa nne, kwa mara ya saba,
nikibadili tarehe tu na jina la mheshimiwa.

Mambo matatu, alisema Bi. Eliakunda, usipunguze hata moja:
boma la zahanati lililokwama kwenye linta
tangu Manka ajifungue, na mwanawe sasa
anajifunzia kuhesabu kwa matofali yake;
kivuko cha korongo la Kwa Mkonyi;
bomba la maji ambalo koki zake hupiga mluzi alfajiri
kisha zinanyamaza mpaka kesho.

Tulishuka kutoka Uru giza halijatoka.
Diwani kavaa kitenge chake cha vikao,
viatu vya kisigino ndani ya mfuko,
kandambili miguuni, tope la migombani hadi kifundoni.
Getini kwa ukumbi, Moshi mjini, akainama, akabadili,
akanikabidhi kandambili nizishike pamoja na faili.

Tukangoja.
Saa nne. Saa sita.
Chai ya wageni ikapita mbele yetu,
sambusa zikaenda zimejaa sinia, zikarudi mbili.
Madiwani kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki,
kila mmoja na korongo lake,
kila mmoja na paa lake lisilokuwepo.
Wa Kahe alikuwa na picha za mafuriko kwenye simu.
Akatuonyesha. Tukasema pole,
na moyoni tukapiga hesabu: huyu atatupita.

Akaja kijana wa itifaki, saa yake kubwa kuliko mkono:
"Mama, una dakika tatu. Sema moja tu.
Mheshimiwa anawahi ndege."

Moja.
Nikamwona akifungua ukurasa wa kwanza,
wa pili, akarudi nyuma,
kama mwenye kipande kimoja cha nyama
na watoto watatu wamekaa mkekani.

Tukaingizwa. Na mlima,
uliojifunika shuka wiki nzima,
ukachagua dakika ile kujifunua.
Naibu waziri akaenda dirishani, akatoa simu,
wasaidizi nao wakatoa simu,
dakika yetu ya kwanza ikaishia huko juu thelujini.

"Ndiyo, mama."

"Mheshimiwa, kivuko."
Risala hakuigusa.
"Mwezi wa nne maji huja bila hodi.
Watoto wa darasa la kwanza tunawabeba mgongoni,
wa darasa la saba wanajivusha.
Mwaka jana Aikaruwa alijivusha."

Akakomea hapo.
Mlangoni, diwani wa Kahe akavua kofia:
maji yale yale ndiyo humfikia yeye,
na vyote yanavyobeba.

"Tumelipokea," akasema naibu waziri. "Lipo kwenye mchakato."
Akaandika kitu. Nikanyoosha shingo:
neno moja, na mstari chini yake.
Labda kivuko. Labda saa ya ndege.

Tulirudi jioni. Hakupitia kwake ndani.
Alikata jani la sale mpakani mwa kihamba,
akaenda nalo kwa Ndelilio,
aliyemega robo ya shamba ijengwe zahanati,
ambaye mkewe hubebwa kwa machela hadi barabarani
kila shinikizo la damu linapopanda.

Akampa kwa mikono miwili, bila neno.
Ndelilio akaligeuzageuza lile jani.
"Ulisema kipi?"
"Kivuko."
"Na paa?"
"Sikulitaja."

Kuku wakawa wanapanda kulala.
Ndani mkewe akakohoa, akauliza ni nani.
"Tumelipokea," Ndelilio akasema,
kwa sauti ile ile ya mjini ambayo hakuwepo kuisikia,
na mpaka leo sijui kama alisamehe
au alitukana.

Tukaondoka. Visigino vya diwani
vilizama kila hatua, akavichomoa, vikazama.
Nusu ya njia ndipo nilipogundua
kandambili zake bado nimezishika.